Yaya, Maneno ya Mwisho ya Mama Umeyachota Wapi?

Yaya yangu, mutoto wa kwanza wa Mama,

Nakusalimu weye uliye kule Beni, muhubiri mukubwa, mwenye suti na kaseti. Mimi mudogo wako niko hapa Bunia. Niko na suruali mbili, na moja iko na kiraka. Lakini usinionee huruma. Hakuna kinga, baiskeli hizi zetu, iliyoingia hapa mutaani Nyakasanza ikiwa imekufa, tairi limepasuka, pedali zimekatika, isitoke mikononi mwangu ikiimba. Waulize wenye baiskeli wote wa mji huu, watakuambia fundi ni nani. Nakuandikia barua ya wazi, aisome anayetaka kusoma, kwa sababu weye pia ulisema mambo ya nyumba yetu mbele ya watu wote, tena ukauzisha.

Nimesikia kaseti yako.

Lakini ngoja kwanza. Naona hewa ya Beni ni nzuri sana, inasahaulisha. Acha nikukumbushe.

Unakumbuka muchezo wetu wa kule Bigo, mutaa tuliokulia? Ulikuwa unarudia nyumbani wakati wa vakansi kutoka shule ya Biblia, na ile Biblia yako nene yenye herufi ndogo ndogo pembeni mwa kila ukurasa, kama chawa wamepanga mustari. Mimi shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa pili wa sekondari. Vita iliifunga, na siku walipoifungua mimi nilikuwa nimeshajifungulia kazi. Jioni unakaa kwenye kigoda cha Mama, nyuma ya jikoni, unasoma kipande cha Injili, kisha unaniangalia juu ya ukurasa: "Amechota wapi?" Na mimi natakiwa kusema Matayo au Luka ameyachota wapi maneno yale katika maandiko ya zamani ya Wayahudi. Nikishindwa, nabeba bidoni ya maji naenda chemchemi. Nikishinda, unaenda weye.

Mwanzoni niliijua ile njia ya chemchemi kuliko vyura wake. Kisha nikakasirika. Nikaanza kusoma Zaburi na manabii usiku na mchana, si kwa ajili ya Mungu, anisamehe, ni kwa ajili ya ile bidoni. Na mutu akisoma kwa hasira, Yaya, anasoma muzuri.

"Kutoka Misri nilimuita mwanangu," unasoma.

"Hosea!"

"Hosea alikuwa anasema juu ya nani?"

"Juu ya Israeli, taifa lote. Matayo amekamata taifa zima akalivalisha mutoto mumoja."

"Wimbo wa Maria?"

"Hana, mama yake Samweli! Yaya, bidoni ile pale. Angalia usiteleze."

Mama alikuwa anacheka mpaka muchi unamuponyoka, sombe, majani ya muhogo, inaruka nje ya kinu. "Mutoto aliyekimbia shule anamushinda mwanafunzi wa Mungu! Uone aibu, weye mukubwa, beba bidoni!" Na ulikuwa unaibeba. Siku zile ulikuwa unabeba.

Siku ya punda nayo sijaisahau. Zakaria anaimba kwamba mufalme anakuja amepanda punda, amepanda mwana-punda. Ni punda mumoja, ameimbwa mara mbili, ndivyo nyimbo zao zinavyokwenda. Lakini Matayo anataka kila neno litimie, basi analeta punda wawili, nguo zinatandikwa juu ya wote wawili, na Bwana anakaa. Mimi nikasimama katikati ya kiwanja nikapanua miguu mpaka suruali ikalia. "Hivi, Yaya? Muguu mumoja huku, mumoja kule? Kumbe Bwana alikuwa anaingia Yerusalemu na sarakasi?"

Mama akanirushia kandambili. Weye ukacheka mpaka machozi. Halafu nikasema: "Basi huyu Matayo ni muongo. Anaona andiko kwanza, kisha anatafuta habari ya kulijaza."

Ulinijibu kesho yake, pale kwenye matanga ya yule seremala jirani yetu. Unakumbuka? Wanawake wamekaa kwenye mikeka, na Mama katikati yao, maana Bigo yote ilijua kwamba kilio hakianzi mpaka Mama afungue mudomo. Akaanza kulia ule wimbo alioachiwa na bibi yake: ng'ombe wako wanakutafuta mutoni, nani atawavusha? Akaweka jina la seremala ndani. Watu wazima wenye ndevu wakageuka kuangalia ukuta.

Ukaniinamia sikioni. "Huyu muzee alikuwa na ng'ombe?"

"Hata mbuzi."

"Alivuka muto gani?"

"Alikuwa anaogopa hata dimbwi."

"Basi Mama anadanganya?"

Nikamuangalia Mama. Ukasema, na mimi sijasahau hata kipande: "Huzuni yake ni kubwa kuliko mudomo wake. Ameenda kuazima mudomo kwa waliolia zamani. Na wale walioandika Injili ni vilevile. Mutu wao aliuawa kwa aibu, mbele ya watu. Wangesema na maneno gani? Walikuwa na maneno ya nyumbani kwao tu, Musa na manabii na Zaburi. Wakaenda kuchota pale."

Yaya, siku ile nilijiona mudogo wa mutu mukubwa sana. Nilitembea Bigo yote nikiwaambia watu kwamba yaya yangu atakuwa askofu. Wengine walinicheka. Nilipigana na mumoja.

Na jioni ile nikakuuliza swali la musalaba. Marko anasema Bwana alilia, Mungu wangu, mbona umeniacha, na hiyo ni Zaburi. Luka anasema aliiweka roho yake katika mikono ya Baba, na hiyo ni Zaburi nyingine. Nikakuuliza: "Sasa alisema gani?" Ukaifunga Biblia ukasema: "Luka hakuwako. Na hakuficha. Mwanzoni mwa kitabu chake anasema aliwafuata walioona kwa macho. Ukitaka kujua mutu amekufa akisema nini, tafuta aliyekaa karibu naye."

Weye mwenyewe ulisema hivyo. Na kinywa chako.

Sasa tuje kwenye barabara ya Komanda, ile tuliyoikimbilia siku ya vita.

Asubuhi ile risasi zilipoanza, Bunia nzima iliingia barabarani, magodoro juu ya vichwa, mbuzi, masufuria, watoto wamefungwa pamoja na kitambaa ili wasipotee. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba. Tukamuweka nyuma kwenye kinga, ile aliyoinunua mwenyewe na pesa ya mandazi yake. Weye umeshika usukani, mimi nasukuma. Njiani ananiuliza kama nimefunga mulango wa jikoni. Nikamuambia, "Mama, wezi wenyewe wamekimbia." Akacheka. Nakuambia hivyo ili ujue alikuwa bado anacheka.

Tulipopita Marabo, watu waliokuwa mbele wakaanza kurudi nyuma. Bariera iko mbele, walisema, wenye bunduki wanauliza kila mutu yeye ni wa wapi. Ukasimamisha kinga.

"Mama ashuke kwanza," ukasema. "Naenda kuangalia hiyo bariera iko namna gani. Nitarudia sasa hivi."

Tukamushusha Mama, tukamukalisha kwenye nyasi. Ukapanda. Na yeye akakupigia kelele nyuma: "Angalia cheni!" Kwa sababu ile cheni ilikuwa inaruka. Lakini siku ile haikuruka, Yaya, maana asubuhi niliikaza mimi mwenyewe, na kitu nimekaza mimi hakilegei. Ningejua, ningeiacha.

Hukurudia.

Nilitaka kumubeba Mama mugongoni tukate porini, kama wengine. Akakataa. "Yaya yako atarudia hapa, atatukosa. Atatafuta wapi?" Nikamubembeleza, nikamutania, nikamukasirikia. "Weye nenda kama una haraka," akasema, "mimi namungojea mutoto wangu." Jua likatupiga, kisha mvua. Ni mwanamuke wa nyumba ile ya karibu, Mama Furaha, aliyetoka na kipande cha shitingi ya plastiki akatufunika, akatuingiza kwake. Nyumba yake ni chumba kimoja, na kuku humo humo. Homa ikamukamata Mama pale. Kila kinga ikipita barabarani anainua kichwa. Niliijua sauti ya kila tairi, na yeye aliniangalia usoni kuona kama ni yako.

Akafia pale, mchana, kuku wanadonoa karibu na mukeka. Mimi nilimushika kichwa. Mume wa Mama Furaha na mimi tulichimba nyuma ya nyumba. Mama Furaha alilia yeye peke yake, na wimbo wa kwao nisioujua, akaweka jina la Mama ndani.

Na weye nilikulilia pia, mujinga mimi. Nilisema wamemushika bariera. Nilirudi Bunia na vifo viwili kichwani. Siku nilipoambiwa yaya yako iko hai, iko Beni, nilicheza ngoma katikati ya barabara, na watu wakasema fundi amelewa. Wiki nzima nilitengeneza baiskeli nikipiga mluzi. Nilisema, basi ile bariera ilimukata njia, alijaribu kurudia akashindwa, siku moja ataniambia. Nilikuwa nimekutengenezea kisa chote kichwani, Yaya, kisa kizuri kabisa cha kukusamehe. Ulitakiwa tu kuja kukisema.

Badala yake ikaja kaseti.

Aliileta Mama Sabuni, yule anayekwenda Beni kuchukua sabuni na kuiuzisha hapa Nyakasanza. Alishuka tu kwenye lori akaja mbio kwa kinyozi, pale ninapofanyia kazi kivulini. "Fundi! Njoo usikie mukubwa wako! Beni yote inalia!" Kinyozi akaweka kaseti kwenye redio. Watu wakajaa. Na mimi, Yaya, nilijaa kiburi. Nilimuambia mutu mumoja asogee, asizibe sauti ya yaya yangu.

Ukaanza vizuri, sauti ile ile ya Bigo. Ukasema ulimubeba Mama mugongoni kutoka Bunia, kama tai anavyobeba watoto wake juu ya mabawa.

"Kitabu cha Kutoka," nikasema. Ilinitoka tu, ni mazoea.

Ukasema mulifika kwenye bariera na wenye bunduki wakagawanyika kushoto na kulia, mukapita katikati kama kwenye nchi kavu.

"Kutoka tena!"

"Nyamaza, fundi," kinyozi akasema, "watu wanasikiliza."

Ukasema mulipokosa chakula, mwanamuke mujane mwenye konzi moja ya unga aliwapikia, na unga haukuisha.

"Wafalme wa Kwanza! Eliya!" Na hapo nilicheka, Yaya, nilicheka kwa nguvu, maana unga wa Mama Furaha uliisha. Uliisha kabisa. Alienda kuomba kwa jirani. Na si mujane, mume wake yuko, ana makelele kuliko jogoo.

"Huyu ana wivu," mutu mumoja akasema. "Mukubwa wake amekuwa mutu wa Mungu, na yeye iko na mafuta ya cheni mpaka kwenye masikio."

Nikangoja nitokee. Nikasema, sasa hivi atasema mudogo wangu alikuwa anasukuma kinga. Hakuna. Kinga yenyewe hakuna, imekuwa tai. Kinyozi akageuza kaseti upande wa pili, nikasema labda niko upande wa pili. Wapi! Nimefutwa, Yaya. Tumbo moja na weye, na sikupata hata nafasi ya punda wa pili.

Halafu ukafika kwa Mama. Ukasema alikufa mikononi mwako, ameangalia juu, akisema: Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu. Na kwamba ulimuchimbia kaburi na mikono yako mwenyewe. Wanawake pale kwa kinyozi wakapiga ukelele. Mama Sabuni alijifunika uso na kitenge.

Mimi sikusema Zaburi gani.

Kaseti ilipokatika, Mama Sabuni akanivuta pembeni. "Yaya yako amekutumia neno," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Anasema usikasirike. Anasema weye unajua namna maandiko yanafanya kazi."

Ndiyo, najua. Ulinifundisha weye. Na kinachoniuma si kwamba ulikimbia. Bunduki ni bunduki, miguu ya mutu inaweza kuamua bila kumuuliza. Ungekuja ukasema, "Mudogo, niliogopa," ningekutukana siku mbili, ya tatu tungekula pamoja. Kinachoniuma ni kwamba ulichukua kitu kizuri kuliko vyote ulivyonipa, ukakifanya blanketi la kujifunika.

Usiniambie Luka alifanya hivyo. Nimefikiri sana juu ya hilo, mimi wa mwaka wa pili, chini ya kivuli cha kinyozi, na spana mukononi. Luka hakuwako, lakini aliuliza. Weye pia hukuwako, na wa kuulizwa nilikuwepo, mimi. Niko Nyakasanza, kila mutu ananijua, lori linakuja kila wiki. Hukuuliza. Na wale wanawake wa matanga wanaazima wimbo kwa sababu maiti iko mbele yao, wameiosha, mikono yao bado ni baridi. Maneno yao wenyewe hayatoshi kwa kitu walichokiona. Weye hukuwa na kitu cha kukisema, ndiyo maana ulihitaji maneno mengi hivyo. Matayo aliongeza punda mumoja, na mimi nilimucheka. Lakini hakumuondoa aliyekuwa anamusukuma punda ili akae yeye.

Sasa naambiwa unakuja. Mama Sabuni anasema unakuja kuondoa matanga ya Mama, pamoja na watu wa kanisa lako na mutu wa kurekodi. Anasema musalaba wa chuma umeshachomelewa, na ile Zaburi imepakwa rangi nyeupe, na chini yake imeandikwa kwamba ni maneno yake ya mwisho. Na akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, maana huyu mama si mujinga: "Fundi, yaya yako anauliza kaburi liko wapi."

Nilimuona machoni kwamba ameshaelewa yote. Akasema tu, "Pole, mwanangu," akanipa kipande cha sabuni, akaenda zake.

Basi jibu langu ni hili, na wote wanaosoma wawe mashahidi. Kaburi najua liko wapi. Weye hujui. Utapita na lori lako mbele ya ile nyumba na hutajua. Kwa hiyo utanihitaji, Yaya, mimi niliyefutwa. Njoo peke yako, bila watu wako, bila redio, bila suti kama unaweza. Nitakupeleka. Utamushukuru Mama Furaha, na usimuite mujane, atakupiga. Utakaa pale kwenye majani mpaka uchoke. Lakini ule musalaba hautasimama pale wakati mimi ni muzima. Kama unataka kuweka chuma juu ya Mama, kiwe na jina lake tu.

Na kama watu wako watakuuliza alisema nini, usiwape Zaburi. Nilikuwa nimeapa kwamba sitakuambia mpaka uje upige magoti uulize. Nilikuwa nafurahia hivyo, nasema kweli, kukuweka njaa ya kitu nilicho nacho mimi tu. Lakini nimeshindwa kukaa nacho. Ni kizito, na si changu, ni chako. Alikiacha kwa jina lako.

Mchana ule Mama Furaha alileta ugali kidogo na sombe kwenye sahani ya bati. Mama hakuweza kumeza. Akanisukumia mimi. Nilikuwa na njaa ya siku nyingi, nikaanza kula kama mbwa. Akanishika mukono, na vidole havikuwa na nguvu hata ya kushika nzi, akasema: "Mubakishie yaya yako. Atarudia na njaa."

Hakusema neno lingine tena. Halikuandikwa popote kabla yake, nimetafuta. Ni lake mwenyewe.

Nikakubakishia, Yaya. Nusu ya ugali na sombe yote. Nikafunika na jani la mugomba, nikaweka juu ya boriti ili kuku wasifikie. Tulipomaliza kumuzika nilirudi ndani, nikaiona, nikaiacha. Kesho yake Mama Furaha aliniuliza kama anaweza kuosha ile sahani, maana alikuwa na sahani mbili tu. Nikamuambia angoje kidogo.

Ukae salama kule uliko. Na ukija, uje mchana, na njaa yako.

Ni mimi, mudogo wako wa tumbo moja.